Kupitia michoro ya mashine kwenye wingu: fungeni toleo kwanza, na fundi awemo

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi. Ni mrefu, kwa hiyo asiye na nafasi sasa auwekee alama arudi jioni. Nataka tuzungumze jinsi timu za uhandisi zinavyopitia michoro kabla chuma hakijakatwa, na kwa nini mimi nimehamia kwenye CAD (programu za kuchorea kwa kompyuta) za wingu, zile ambazo watu wengi hufungua modeli moja kwa pamoja kupitia intaneti. Ni mhandisi mitambo, nachora mashine za kilimo na usindikaji. Timu yetu ina watu sita: wawili Dar, mmoja Morogoro, watatu Arusha ambako ndiko karakana ilipo.

Nianze na kilichonifikisha huku.

Mwaka 2022 tulikuwa tunatengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Injini ya dizeli, mkanda, na shafti ya ngoma iliyokaa kwenye beringi mbili za kitako. Mwanzoni shafti ilikuwa ya milimita 25. Mwenzetu wa Morogoro akapiga hesabu upya, akaona mkanda ukikazwa sawasawa shafti itapinda, akaipandisha ikawa 30. Alifanya kazi yake vizuri kabisa. Akahifadhi faili, akaituma kwa barua pepe kwa watu wawili, na mmoja wao akatupia PDF kwenye kundi la WhatsApp. Siku tatu kabla, kwenye kundi hilohilo, kulikuwa na PDF nyingine yenye jina linalokaribia kufanana, na karakana walishaipakua ile.

Fremu ikatobolewa kwa ajili ya beringi ya UCP205, ile ya shafti ya 25. Zilizonunuliwa ni UCP206, za shafti ya 30. Kwa wasiozishika kila siku: mashimo ya bolti ya UCP205 yameachana milimita 105, ya UCP206 yameachana 121. Kimo kutoka kwenye kitako hadi katikati ya shafti ni 36.5 kwa ndogo na 42.9 kwa kubwa. Maana yake mashimo hayakutani, na hata ukitoboa mengine, shafti imepanda milimita 6.4 na mwanya kati ya ngoma na wavu wake umeharibika. Mwanya ukiharibika, mashine ama inavunja punje ama inaacha mahindi kwenye gunzi.

Tuliziba mashimo kwa kuchomelea, tukatoboa upya, tukashusha kitako. Fundi mkuu wetu hakugomba hata kidogo. Alichukua zile karatasi mbili, akazilaza mezani sambamba, akaniuliza: "Mhandisi, hapa mimi nilitakiwa nijue ipi?" Sikuwa na jibu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kikao cha kupitia mchoro tulikifanya. Wote sita tulikuwepo. Ila kila mmoja alikuwa na nakala yake kwenye laptopu yake, wengine wanatazama shafti ya 25, wengine ya 30, na modeli ikiwa imejaa kioo kizima huwezi kuiona tofauti ya milimita tano kwa macho. Tulipitisha kwa kauli moja mashine mbili tofauti.

Sasa, CAD ya wingu. CAD ya kawaida mnaijua: imesanikishwa kwenye kompyuta yako na kazi yako ni faili. Ukimtumia mwenzako, mmeshakuwa na faili mbili, na kuanzia hapo kila moja inashika njia yake. Onshape, CAD ya wingu tunayoitumia sisi, haina faili kwa maana hiyo. Modeli imo kwenye hifadhidata, kwenye seva, nawe unaifungua kwa kivinjari kama unavyofungua barua pepe. Kila badiliko linaandikwa pamoja na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya. Walioianzisha si wageni wa kazi hii. Jon Hirschtick ndiye aliyeanzisha SolidWorks mwaka 1993, programu yenyewe ikatoka 1995, kampuni ya Dassault Systèmes ikainunua 1997. Miaka baadaye yeye na baadhi ya wenzake wa zamani wakaanza upya, safari hii bila faili, na Onshape ikafunguliwa kwa umma mwaka 2015. Kampuni ya PTC iliinunua 2019 kwa dola milioni 470. Kampuni nyingine, Autodesk, nao wana CAD iitwayo Fusion, ila hiyo unaisanikisha kwenye kompyuta, kinachokaa kwenye wingu ni data. Nitaongelea zaidi Onshape kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku. Simuuzii mtu.

Watu wakisikia habari hii hufurahia jambo moja: kwamba watu watano wanaweza kuchora ndani ya modeli moja kwa wakati mmoja. Kwenye kuchora ni raha kweli. Kwenye kupitia mchoro, jambo hilohilo linaweza kuwavurugia kikao, na sisi lilituvuruga.

Kikao chetu cha kwanza kwenye wingu tulikuwa tunajadili mteremko wa hopa, yaani sehemu ya kumiminia mahindi. Mmoja anasema ni mdogo, mahindi yatakwama. Kijana aliyechora, kwa nia njema, akaanza kurekebisha palepale huku tunaongea. Yule aliyesema mteremko ni mdogo alipotazama tena akauona uko sawa, akadhani amekosea, akanyamaza. Mwingine alikuwa anapima nafasi ya mkanda, akakuta namba yake imebadilika kwa sababu hopa imelisogeza bamba la pembeni. Tulizunguka hapo karibu saa nzima, kila mtu ana hakika na anachokiona, na kila mtu anaona kitu tofauti. Mchoro ulikuwa unatembea chini ya macho yetu.

Tangu siku ile tuna sharti moja: kinachopitiwa ni toleo lililofungwa. Unatengeneza toleo, unalipa jina, na toleo hilo halibadiliki tena, hata mwenye akaunti hawezi kuligusa. Kazi inaweza kuendelea pembeni kwenye tawi jingine, yaani njia ya kazi inayochepuka bila kuligusa toleo, ila macho ya kikao yako kwenye toleo. Toleo la 4 ni toleo la 4 kwa aliyeko Dar, na ni lilelile kwa fundi aliyeko Arusha mwenye simu ya kioo kilichopasuka.

Jambo la pili ni fundi mwenyewe kuwemo kikaoni. Hilo nitalirudia, lina mengi. Karibuni.

#2 – Mdau wa Mombasa

Ahsante kwa uzi, ndugu yangu. Sisi huku tuna karakana ndogo, twaunda mashua za faibaglasi na makasha ya barafu ya wavuvi. Nakuuliza jambo moja: hicho kikao chenyewe mwakiendesha vipi? Maana sisi hufungua mchoro kwa projekta, aliyechora akauzungusha, watu wakasema "iko sawa", chai ikaja, tumemaliza. Sioni wingu litabadilisha nini hapo.

#3 – Mleta mada

Ndugu wa Mombasa, hata sisi ndivyo tulivyokuwa. Na ukilitazama vizuri, anayezungusha modeli ndiye anayewachagulia cha kuona. Bila kukusudia, huwa hafiki kule ambako yeye mwenyewe hana uhakika.

Siku hizi toleo linafungwa Jumatatu. Mpaka Jumatano jioni kila mmoja awe ameingia peke yake, kwa wakati wake, akaandika maoni. Maoni yanabandikwa kwenye kitu chenyewe: kwenye uso wa bamba, kwenye ukingo, au kwenye hatua ya uchoraji iliyozaa tundu fulani. Unaweza kumtaja mtu, au kumkabidhi kama kazi, na ikabaki wazi mpaka ashughulikie. Kikao ni Alhamisi, na hakianzi kwa kuzungusha modeli. Kinaanza kwa maoni yaliyo wazi, moja baada ya jingine. Aliyeliandika ndiye anayeongoza. Sisi wengine tunabofya alama yake juu ya skrini na kumfuata, kioo chetu kinakwenda anakokwenda. Akiikata modeli katikati atuonyeshe ndani, sote tuko ndani. Ukitaka kumwacha kidogo ukapime kitu chako, unatoka, unapima, unarudi.

Mtu ambaye hajaandika chochote hadi Jumatano usiku tunampigia simu. Hatumgombezi, tunamuuliza tu kama amefungua. Mara nyingi hakufungua, na "iko sawa" yake ya Alhamisi ingekuwa ya bure.

Halafu kuna jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Tuna mzee mmoja kwenye timu, mhandisi aliyewafundisha wengi wetu. Kwenye kikao cha mezani hajawahi kutokea kijana wa kumwambia "mzee, hapa umekosea". Hatukulelewa hivyo, wala sitaki vijana wangu wapoteze adabu. Sasa binti mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliandika kwenye ukingo wa kitako cha injini: "Shikamoo mzee. Naomba kueleweshwa, spana ya kukazia nati hii inaingilia upande gani?"

Mzee akafungua, akazungusha, akapima, akakuta spana haina pa kuingilia. Akajibu: "Marahaba binti. Haiingii. Nimeihamisha bolti, tazama tawi jipya uniambie."

Kikaoni swali lile lisingetamkwa. Binti aliliandika usiku akiwa hosteli, akapata muda wa kuchagua maneno, na swali limekaa juu ya chuma, halijamgusa mtu. Ningekuwa na uwezo wa kubakiza kitu kimoja tu katika programu yote hii, ningebakiza hayo maoni yanayobandikwa kwenye uso wa kipande.

#4 – Fundi mchomeleaji, Arusha

Mimi nasoma tu nyuzi zenu, siandikagi. Leo niseme. Kero yangu na michoro ya wahandisi ni mishono. Mnachora boksi la bamba lililozibwa pande zote, halafu mnaweka alama ya mshono kwa ndani. Mkono wa kuchomelea upitie wapi? Au mnachora vipande viwili vimekaribiana hivi, kijiti hakiinami kupata pembe. Sisi tunachomelea kwa nje kimyakimya, mnakuja mnauona mshono mzuri, mnaondoka. Mchoro wenu unasema ndani, mashine inasema nje. Hiyo programu mimi itanisaidia nini, sina kompyuta na CAD sijui, na bando lenyewe nanunua la siku?

#5 – Mleta mada

Fundi, nashukuru sana umeandika. Hili la "kimyakimya" ndilo linalonifanya niseme fundi awemo.

Kwetu fundi mkuu tumempa ruhusa ya kutazama na kuandika maoni, hawezi kubadilisha kitu. Anatumia programu ya simu. Kuchora hahitaji kujua. Tulimfundisha vitu vitatu: kuzungusha kwa vidole, kuikata modeli aone ndani, na kupima umbali kati ya nyuso mbili. Ilichukua mchana mmoja. Kuandika anasema kunamchosha, basi anatuma sauti, na mmoja wetu anayaandika maneno yake mahali pake kwa jina lake, kama alivyoyasema. Bando la siku za mapitio analipa mwajiri, na lisije likahesabiwa kama hisani. Ni gharama ya kazi kama vijiti vya kuchomelea.

Katika mashine moja ya kuchuna mihogo alituonyesha mambo mawili ambayo wahandisi watano tulikuwa tumeyapita. La kwanza, tundu la kupakia grisi kwenye beringi lilikuwa limeelekea kwenye fremu, kwa hiyo mwenye mashine asingeweza kupaka grisi bila kufungua beringi. La pili, ukitaka kubadilisha beringi ya upande wa puli ilibidi uitoe injini nzima. Kwa mtu aliyeko kijijini mwenye spana mbili, hiyo ni mashine iliyokufa.

Ila niongeze upande wa pili, kwa sababu kumsikiliza fundi bila kurudi kwenye hesabu kumewahi kuua watu. Wengi mliosoma uhandisi mmefundishwa habari ya hoteli ya Hyatt Regency kule Kansas City, Marekani. Ukumbini mulikuwa na madaraja ya kupita watu, yamening'inizwa kutoka darini kwa fimbo za chuma, la ghorofa ya nne likiwa juu ya la ghorofa ya pili. Mchoro wa awali ulitaka kila fimbo ishuke moja kwa moja kutoka darini, ipenye daraja la juu, ifike la chini. Watengenezaji wa chuma wakaona taabu: ili nati ya katikati ikae, fimbo ndefu kiasi hicho ingebidi ichongwe njia ya nati sehemu kubwa ya urefu wake. Wakapendekeza fimbo mbili: moja kutoka darini hadi daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu kwenda la chini.

Ukiutazama mchoro, ni kama hakuna kilichobadilika. Lakini sasa daraja la chini linaning'inia kwenye daraja la juu, na ile nati iliyo chini ya boriti ya juu inabeba mzigo wa madaraja mawili. Mzigo wake umezidishwa mara mbili. Na hata ule mchoro wa awali haukuwa umefikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule. Badiliko likagongewa muhuri bila kiungo kile kupigiwa hesabu upya. Tarehe 17 Julai 1981 madaraja yakaanguka juu ya watu waliokuwa kwenye dansi. Walikufa 114, wakaumia zaidi ya 200. Baadaye ukawa ubishi wa nani alimwambia nani nini kwenye simu, na wahandisi waliohusika wakanyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri.

Pendekezo la wale mafundi lilikuwa na sababu ya kweli, fimbo ile ilikuwa ngumu kutengenezwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama pale kwenye nati na kuuliza: mzigo wa hapa sasa ni kiasi gani, na nani amepiga hesabu? Kwa hiyo kwetu, maoni yoyote yanayogusa njia ya mzigo hayafungwi kwa neno "sawa". Yanafungwa kwa hesabu iliyoambatishwa, na aliyepiga hesabu asiwe yule aliyependekeza badiliko. Modeli ikikaa vizuri kwenye kioo haijakuambia chochote kuhusu nguvu zake.

#6 – Mdau, yupo Hamburg

Naongezea kutoka huku ninakoishi. Msidhani haya ya nakala mbili ni ya karakana ndogo. Airbus walipokuwa wanaunda ndege ya A380, timu za Ujerumani na Hispania zilikuwa zinachora kwa programu ya CATIA toleo la 4, za Ufaransa na Uingereza kwa toleo la 5. Ndege moja ina nyaya za umeme zaidi ya kilomita 500. Sehemu zilizotayarishwa hapa Hamburg zilipofika Toulouse kuunganishwa, nyaya zikakutwa fupi, hazifiki kwenye viunganishi vyake, kwa sababu mabadiliko ya upande mmoja na mikunjo ya nyaya hayakuwa yakisomeka sawasawa upande wa pili. Ucheleweshaji uliotangazwa mwaka 2006 ulitikisa kampuni nzima na wakuu wakaondoka. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007.

Wale walikuwa na fedha na wataalamu wa kila namna. Hawakuwa na modeli moja.

#7 – Mdau wa Dodoma

Mleta mada, naheshimu uzoefu wako, ila mimi nina mashaka matatu na naomba uyajibu bila kuyapamba.

Kwanza intaneti. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa mpigo, nchi nzima tukakaa siku kadhaa tunahangaika. Wewe na wingu lako ulifanyaje?

Pili siri. Mchoro wa mteja wangu unakaa kwenye seva ambayo sijui iko nchi gani.

Tatu, hizi programu zinalipiwa kwa dola, kwa kila mtu, kila mwaka. Ukiacha kulipa, kazi yako inakuwaje?

#8 – Mleta mada

Mkuu, mashaka yote matatu ni ya haki.

Intaneti: Onshape bila mtandao haifanyi kazi. Haina namna ya kuchora nje ya mtandao, basi. Fusion inakuruhusu kuendelea kwa muda na kazi uliyokwisha kuifungua, hilo ni la kuisifia. Nyaya zilipokatika ile Mei tulikuwa na mapitio wiki hiyohiyo. Kilichotuokoa ni mazoea tuliyoyaanza kwa sababu nyingine: kila toleo likifungwa, mmoja wetu anatoa nakala ya STEP (aina ya faili inayofunguka kwenye CAD nyingi) ya modeli nzima na PDF za michoro yote, zinaingia kwenye diski ngumu iliyoko karakana. STEP hubeba umbo, haibebi hatua za uchoraji, kwa hiyo huwezi kuendelea kuchora kama hakuna kilichotokea. Ila kupitia unaweza kabisa. Tuliifungua kwa FreeCAD, CAD ya bure inayokaa kwenye kompyuta yako, kila mtu akaandika maoni kwenye daftari akitaja jina la kipande na namba ya toleo, mtandao uliporudi tukayabandika. Kikao kilifanyika kwa simu ya kawaida. Kilikuwa kirefu, lakini wote tulikuwa kwenye toleo moja.

Siri: hapa naomba vijana mnisikilize vizuri. Akaunti ya bure ya Onshape huweka kila kitu wazi kwa umma. Mtu yeyote anaweza kuutafuta mchoro wako, akaufungua, akaunakili, na masharti yake hayaruhusu kazi ya biashara. Nimemwona kijana akichora mashine ya mteja anayelipa ndani ya akaunti ya bure, mteja akaja kuikuta mwenyewe kwa kuitafuta tu. Kijana hakuwa na nia mbaya, hakusoma. Kwa mwanafunzi ipo akaunti ya elimu, aombe hiyo. Kwa mteja mwenye mkataba unaokataza data kutoka nje, usitumie wingu kabisa. Chora ndani, na mpitie kwa njia nyingine.

Malipo: ndiyo, ni dola na zinauma. Sisi hatukuwalipia wote sita uwezo wa kuchora. Na jifunzeni kutoka kwa kosa hili ambalo lilitugharimu miezi: kazi moja ilianzishwa kwenye akaunti binafsi ya mshauri wa muda. Mkataba wake ulipoisha, modeli ikabaki kwake, sisi tukabaki na kiungo cha kutazama tu. Hatukugombana naye, lakini alikuwa safarini, na kila sahihisho dogo lilimsubiri yeye. Siku hizi hakuna mstari unaochorwa kabla waraka haujawa chini ya akaunti ya kampuni.

Ukiniuliza kama karakana ya watu wawili wanaokaa chumba kimoja waihitaji, nitakwambia hapana. Wao wanahitaji daftari la matoleo na nidhamu ya kufuta PDF za zamani. Wingu lina maana pale watu wametawanyika na mabadiliko ni mengi.

#9 – Dada mhandisi wa majengo, Nairobi

Asante kwa uzi huu, kaka. Swali langu ni la muhuri. Mchoro wa jengo lazima uwe na sahihi na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Sasa kama mapitio yote yako kwenye wingu, maoni, majibu, nani amekubali, je, hiyo inatosha? Na likitokea la kutokea, ni kipi kitakachotazamwa, karatasi au wingu?

#10 – Mleta mada

Dada, maoni yaliyofungwa kwenye programu hayachukui nafasi ya muhuri. Mwenye dhamana ni mhandisi aliyesajiliwa na bodi, kwetu ERB, kwenu EBK, na dhamana yake iko kwenye mchoro aliousaini. Sisi tunafanya hivi: mchoro wa kusainiwa unatolewa PDF kutoka kwenye toleo lililofungwa pekee, na jina la toleo linaandikwa kwenye kisanduku cha maelezo pembeni mwa mchoro. Ukishika karatasi unajua imetoka toleo gani. Ukifungua toleo hilo, unakuta kila swali lililoulizwa na namna lilivyojibiwa. Vifurushi vya juu vya Onshape vina utaratibu wa kuidhinisha na kutoa namba za masahihisho, nao unasaidia, lakini hata bila huo, jina la toleo kwenye karatasi linafanya kazi kubwa.

Kabla ya kusaini, mzee wetu hulinganisha matoleo mawili, lile alilopitia na hili jipya, na programu inamwonyesha hatua zilizoguswa. Siku moja alikuta badiliko ambalo halikuwa na maoni yoyote: unene wa bamba umeshuka kutoka milimita 4 hadi 3. Hakuna aliyeliomba. Kijana alikuwa anajaribu uzito, akasahau kurudisha. Bila kulinganisha, mzee angesaini bamba la 3 akiamini ni la 4. Aliyefanya alijulikana mara moja, na hakuna aliyempigia kelele. Alirudisha, akaandika sababu, tukafunga toleo jingine. Ningependa majaribio ya namna hiyo yafanyike kwenye tawi siku zote, na sasa ndivyo tunavyowafundisha wanaoingia.

#11 – Mdau wa Mombasa

Narudi baada ya wiki tano. Tumejaribu kwa kasha jipya la barafu. Tulifunga toleo, tukawapa watu siku mbili, na fundi wetu wa faibaglasi tukamfungulia kwa simu. Wahandisi watatu tuliandika maoni saba, mengi ya vipimo. Yeye aliandika moja: "Kizibo cha kutolea maji kiko katikati ya kitako. Kasha likiwa ndani ya mashua, mvuvi ataingiza wapi mkono?" Tulikuwa tumelichora kasha likiwa limesimama peke yake kwenye kioo, hatukuwahi kuliweka ndani ya mashua. Tumekihamishia kizibo pembeni, chini kabisa.

Sasa fundi asema ukihamishia pembeni, ule ukuta hapo ni mwembamba na kizibo kitafunguliwa na kufungwa kila siku. Ataka kuongeza tabaka. Waonaje?

#12 – Mleta mada

Hapo fundi ameshika penyewe. Msiongeze tabaka kwa makisio. Fungueni tawi, nenepesheni ukuta kuzunguka kizibo peke yake, sio upande mzima, na ule unene upungue taratibu kuelekea pembeni ili usiache ukingo mkali utakaoanzisha ufa. Liwekeni kasha ndani ya modeli ya mashua safari hii, na mpime kama mkono unaingia kasha likiwa limejaa na limeegemea ubavu wa mashua. Mkishafunga toleo nitumie kiungo cha kutazama, na mwambie fundi abandike pale anapotaka tabaka lianzie na linapoishia. Nitapitia Jumamosi asubuhi.